Dada, kompyuta inalipa?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinifuata pale chini ya mwembe nilipokuwa napanga viti. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, matokeo yametoka, dirisha la kuomba vyuo liko wazi, na nyumbani kwao wamegawanyika. Baba anataka uhandisi. Mjomba anataka ualimu, eti serikali haifilisiki. Yeye mwenyewe moyo wake uko kwenye sayansi ya kompyuta. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, kompyuta inalipa?"

Nilimjibu haraka haraka, nikamwambia inalipa, soma, Mungu akubariki, nikaendelea na viti vyangu. Usiku wakati wa sala sikupata amani. Nilijua nimempa nusu ya jibu, na ile nusu niliyoiacha ndiyo iliyonigharimu mimi. Kwa hiyo mdogo wangu, kama unasoma hapa, na ninyi wengine wote mnaojaza fomu wiki hizi, pokeeni jibu zima.

Tuanze na kozi yenyewe. Wengi mnadhani sayansi ya kompyuta ni kujua kutumia kompyuta. Siyo. Kuchapa barua na kupanga hesabu kwenye jedwali utafundishwa steshenari kwa wiki mbili. Sayansi ya kompyuta ni hisabati iliyovaa nguo za kazi. Vyuo vingi hapa Tanzania wanaisoma miaka mitatu. Mwaka wa kwanza utakutana na mantiki, hisabati za seti, uwezekano, na lugha yako ya kwanza ya kuandikia programu, mara nyingi C, ambayo haina huruma hata kidogo: ukisahau nukta-mkato moja tu, hakuna kinachoenda. Baadaye inakuja miundo ya data, yaani namna ya kupanga taarifa ili uzipate upesi, halafu hifadhidata, mifumo endeshi, mitandao, usalama. Kuna fildi wakati wa likizo ndefu, na mwaka wa mwisho kuna mradi ambao utakunyima usingizi.

Mimi mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili. Nilitoka shule ya masista nikiwa wa tatu darasani, nikafika chuoni sijawahi kumiliki laptopu maishani. Bumu la kwanza likaishia kwenye laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa. Umeme ukikatika, nayo inazima, na kazi yangu inaondoka nayo. Lakini sitasingizia laptopu. Nilikuwa nakariri, na hii kozi haikaririki. Kompyuta inafanya ulichoiambia, haifanyi ulichokusudia. Saa nane za usiku unaapa kwamba mashine imekosea, unarudi mstari kwa mstari, unakuta kosa ni lako, uliliandika mwenyewe juzi. Sasa hivi naona kwamba ule ulikuwa mwanzo wa kujifunza kuchunguza dhamiri, ingawa wakati ule niliita tu mateso.

Haya, kulipa. Ukihitimu unaweza kuandika programu na kutengeneza mifumo, kusimamia mitandao, kulinda mifumo isiingiliwe, kuchambua data za benki au kampuni ya simu, kutunza hifadhidata ya hospitali au halmashauri, kufundisha. Wapo wanaofanya kazi za kampuni za nje wakiwa wamekaa nyumbani kwao. Katika darasa letu mmoja yuko Mwanza, anaitengenezea kampuni ya Ulaya mifumo, anajenga nyumba ya pili. Mwingine, aliyenizidi ufaulu, anauza kava za simu Kariakoo. Wote wana cheti kilekile. Waajiri wengi watakuuliza umetengeneza nini, kwa hiyo anza kutengeneza ukiwa mwaka wa kwanza: mfumo wa kumbukumbu za kwaya, wa michango ya jumuiya, chochote. Kazi zako ndizo zitakazokuombea.

Na akili mnemba je, si itatumalizia kazi? Nasikia hilo swali kila wiki. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina hilo amelichukua hasa kwa ajili ya Papa Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 kutetea wafanyakazi wakati viwanda vinageuza dunia. Na sasa, akasema, akili mnemba ni mapinduzi mengine yanayogusa utu, haki na kazi ya binadamu. Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya ukatili na unyanyasaji, ili mashine ifundishwe kuyakataa. Nyuma ya ile mashine inayokujibu kwa adabu yupo kijana wa rika lako aliyesoma hayo yote ili wewe usiyaone. Ukienda kusoma kompyuta, utakuwa upande mmoja au mwingine wa meza hiyo.

Sasa nusu niliyoiacha.

Baada ya kuhitimu nilikaa miezi minane bila kazi. Wenye uzoefu wanajua mwezi wa sita unavyokuwa: hata salamu ya "vipi, umepata?" inakuwa kama kofi. Halafu nikaitwa na kampuni moja Dar es Salaam. Ghorofa ya tatu, kiyoyozi, chai na chapati saa nne, na mshahara ambao sikuwahi kuushika. Walikuwa wanakopesha watu kwa simu. Unapakua aplikesheni, unajaza, dakika tano hela imeingia. Nikasema Mungu ni mwema, nikapeleka shukrani altareni.

Kazi ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kujaza fomu. Ya pili, kiongozi wetu akaniambia aplikesheni ikishawekwa ichukue majina na namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Nikauliza za nini. Akasema ni usalama wa mkopo. Sikuuliza mara ya pili. Mwezi wa tatu nikapewa ya meseji: mkopaji akichelewa kulipa siku tatu, mfumo uchague namba kutoka kwenye yale majina, utume ujumbe kwamba fulani ametoroka na fedha za watu, tafadhali mwambieni arudishe. Niliuandika ule ujumbe kwa mkono wangu. Kwa haraka nikaandika "tafadali", bila h, na hakuna aliyesahihisha.

Nilijua ni nini, msifikiri sikujua. Nilijiambia mimi naandika tu. Anayetuma ni mfumo, anayeamua ni bosi, na mkopaji mwenyewe amekubali masharti. Na Jumapili nilikuwa msomaji. Nilikuwa napanda pale mbele na kanga yangu safi, nasoma somo la kwanza, nasema Neno la Bwana.

Mwezi wa tano nikaenda nyumbani Morogoro. Mama yangu yuko WAWATA, na jumuiya yetu inakutana Jumamosi asubuhi. Jioni ile akaniletea simu yake. "Hebu mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta, niangalizie hii meseji imetoka wapi." Nikaisoma. Ilikuwa inamtaja mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza maandazi, kwamba ametoroka na fedha za watu. Alikuwa amekopa shilingi 60,000 za mchango wa shule wa mtoto wake. Ujumbe uleule ulikuwa umemfikia mwenyekiti wa jumuiya, katekista, wateja wake, na mkwe wake. Jumamosi mbili zilikuwa zimepita hajatia mguu jumuiyani. Nikarudi kwenye ule mstari wa mwisho. "Tafadali." Bila h.

Mama akaniuliza, "Watu gani hawa, hawana mama zao?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitaangalia kesho.

Niliporudi Dar nilikwenda kuungama, na nikachagua parokia nisikojulikana. Padre alikuwa mzee, sidhani hata ana simu ya kupangusa. Nikaanza kwa maneno makubwa makubwa, kwamba nimeshiriki katika shughuli zisizozingatia utu wa wengine. Akanikata. "Binti, dhambi haiungamwi kwa jina la ukoo. Umefanya nini?" Ndipo nikasema. Akauliza, wangapi? Nikasema sijui, Padre. Akanyamaza. Ukweli ni kwamba nilijua. Mfumo ulikuwa unahesabu, na hiyo namba niliiona kila asubuhi kwenye skrini: meseji zaidi ya elfu kumi na moja. Nikaitaja.

Hakunifokea. Alinieleza jambo ambalo baadaye nililisoma mwenyewe katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868: dhambi anayoitenda mwingine inakuwa yangu pia ninaposhirikiana naye kuitenda, au ninaponyamaza wakati nina wajibu wa kuizuia. Na namba 2487: aliyemharibia mtu jina ana deni la kulirudisha hata kama amekwisha kusamehewa. Wengi wetu tunajua kwamba aliyeiba kuku arudishe kuku. Jina la mtu tunaona ni upepo tu, kumbe mama muuza maandazi anaishi kwa jina lake kuliko kwa unga. Nani atampa unga kwa mkopo tena?

Malipizi aliyonipa yalikuwa kusoma Kitabu cha Kutoka, sura ya 31 na ya 32, kwa kufuatana, siku saba. Nilidhani ni rahisi. Sura ya 31 Mungu anamwita fundi kwa jina lake, Bezaleli mwana wa Uri wa kabila la Yuda, na anasema amemjaza roho yake, hekima na maarifa, afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe na miti, kwa ajili ya Hema. Siku ya kwanza nilifurahi, nikasema kumbe Roho wa Mungu anamjaza hata fundi, siyo nabii peke yake! Halafu unafungua sura ya 32, na watu walewale, dhahabu ileile ya masikioni mwao, mikono ya ufundi vilevile, wametengeneza ndama. Na Musa anapomuuliza Haruni, kaka mtu anajitetea kwamba alitupa tu dhahabu motoni, akatoka huyu ndama. Yaani ndama alijitokeza mwenyewe! Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya nne sikucheka.

Nitawaambia kama ilivyokuwa, sikuacha kazi kesho yake. Nilikaa wiki tano zaidi, kwa sababu ya kodi ya nyumba. Nilimwambia kiongozi wetu kwamba zile meseji ziondolewe, akacheka, akasema nikiondoa mimi ataandika mwingine. Wiki iliyofuata akaniongezea mshahara. Niliondoka mwisho wa mwezi, baada ya mshahara kuingia, na mshahara niliuchukua. Na ni kweli, aliandika mwingine. Ilipofika Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza kufungia majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zilizofanya biashara bila leseni. Niliisoma ile orodha mwanzo hadi mwisho. Sitasema nilichokitafuta kama nilikikuta.

Likabaki deni. Nikaenda Morogoro, na saa kumi na moja alfajiri nikamkuta yule mama jikoni kwake anakaanga maandazi, maana mchana angekuwa na wateja. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia. Alikuwa anageuza maandazi. Aligeuza sufuria nzima kabla hajasema neno.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeandika jina langu?"

"Jina liliingia lenyewe, mama. Mfumo ndio unaochukua."

"Halijaingia lenyewe."

Siku saba nimesoma habari za Haruni, na bado maneno ya Haruni ndiyo yaliyotangulia kunitoka. Nikasema, hapana mama, ni mimi. Akatoa maandazi, akaweka mengine. Akasema, "Basi hilo uliloniambia mimi, kawaambie waliosoma." Jumamosi ile, baada ya Rozari, nilisimama jumuiyani nikasema: huyu mama hajatoroka na fedha ya mtu, alichelewa siku tatu, na aliyeandika ule ujumbe ni mimi. Katekista alikuwepo. Mama yangu alikuwepo. Mama hakunisemesha siku mbili, siku ya tatu akanipikia ndizi, hatukulizungumza. Yule mama alirudi jumuiyani baada ya miezi miwili. Anakaa karibu na mlango. Ananiitikia marahaba. Kama amenisamehe, hajaniambia, na sijaona kama nina haki ya kuuliza. Na bado ni mmoja kati ya wale wote. Wengine siwajui hata majina, nawaombea kwa ile namba ya kwenye skrini.

Sasa kuna mtu atasema basi hii fani ni ya shetani, bora nisome ualimu. Taratibu jamani. Sitaki mkimbie kompyuta. Soma Yoshua bin Sira sura ya 38, mwishoni, anapoeleza mfua chuma aliyekaushwa na joto la tanuri na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Anasema hao hawaitwi kwenye baraza la wakubwa, lakini bila wao mji haukaliki, na sala yao imo ndani ya kazi ya mikono yao. Nikisoma pale naona kabisa yule kijana anayeamka usiku kurudisha seva ya hospitali.

Na Kanisa lina watu wake katika fani hii, tangu mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka 1949 Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alikwenda New York kumwona mkuu wa IBM, akaomba mashine zimsaidie kupanga maneno yote ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Maneno karibu milioni 11. Kazi ilichukua miaka kama 30 na ikachapwa katika vitabu 56. Kadi zake zilitobolewa na wasichana huko Gallarate, ambao kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kuwataja, na mimi nawapenda hao kuliko mashine zenyewe. Mwaka 1965 sista mmoja wa Marekani, Mary Kenneth Keller, alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta pale Wisconsin, mmoja wa watu wa kwanza kabisa nchini humo kuipata, mwanamke au mwanamume, kisha akaanzisha idara ya kompyuta katika chuo cha shirika lake huko Iowa na kuiongoza miaka 20. Mabinti wa PCM mnaoambiwa kompyuta ni ya wavulana, lishikeni hilo jina.

Carlo Acutis mnamfahamu, alitangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Pier Giorgio Frassati. Picha zake zimejaa, jinzi na raba. Ninachokipenda mimi ni kile kisichoonekana kwenye picha: alikufa kwa leukemia akiwa na miaka 15, mwaka 2006, na alichoacha mtandaoni ni orodha ya miujiza ya Ekaristi aliyoikusanya na kuipanga kwa subira, mji kwa mji. Kazi ya kupanga data, tena ya kuchosha. Aliye na tovuti yake mwenyewe anajua.

Mimi sasa niko kwenye hospitali moja, natunza mfumo wa dawa. Mshahara haufiki nusu ya ule wa ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita nilikesha siku mbili kutafuta kwa nini mfumo haukutoa onyo insulini ilipobaki maboksi machache. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja, alama ya "kubwa kuliko" mahali pa "ndogo kuliko". Niliuandika mimi. Nilimwambia mfamasia siku ileile, kabla hajauliza.

Kwa hiyo mdogo wangu, ndiyo, inalipa. Utakapoitwa kwenye usaili, nawe uwaulize maswali. Taarifa za watu mnazichukua za nini? Mtu akisema hapana, mnaacha? Ukiona wanatazamana, omba maji unywe, uage. Utakuwa na njaa, najua, nilikuwa nayo. Ndiyo maana nakuambia mapema, ukiwa bado unakula kwa baba.

Jumapili ijayo nitakuwa palepale chini ya mwembe baada ya Misa ya pili. Njoo na vyeti vyako na simu yenye kifurushi, tupitie vyuo kimoja kimoja kabla dirisha halijafungwa. Mlete na baba. Yule mjomba pia, nitamtafutia kiti.